Mwanahistoria katika Kiti cha Gavana: Dmytro Doroshenko na Funzo la Utawala

Mwaka 1917 ulikuwa mwaka wa wanahistoria katika siasa za milki ya Urusi iliyokuwa ikivunjika. Pavel Milyukov, msomi wa historia ya Urusi, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Serikali ya Muda mjini Petrograd kuanzia Machi hadi Mei. Mykhailo Hrushevsky, mwandishi wa historia ya Ukraine iliyo kubwa kuliko zote zilizotangulia, aliongoza Rada Kuu, yaani baraza la kitaifa lililoundwa Kyiv mwezi Machi. Naye Dmytro Doroshenko, mwalimu wa historia aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 35, alikabidhiwa mwezi Aprili mamlaka yenye hadhi ya gavana mkuu juu ya sehemu za Galicia na Bukovina ambazo jeshi la Urusi lilikuwa limezinyang'anya Austria-Hungaria. Wawili wa kwanza wameandikwa sana. Wa tatu, ambaye cheo chake kilikuwa kidogo na muda wake mfupi, ndiye anayechunguzwa katika mhadhara huu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba miezi michache ya utawala haikumwondoa Doroshenko katika historia, bali ilibadilisha aina ya historia aliyoiandika. Kizazi kilichomlea kilifundishwa kuuliza wananchi wanataka nini na wamedhulumiwa vipi. Yeye, baada ya kukalia ofisi ya serikali, alianza kuuliza ni nani anayetekeleza amri, kwa fedha zipi, kwa ulinzi wa nani, na kwa nini dola yenye uungwaji mkono wa watu wengi inaweza kuanguka kwa kukosa makarani. Maswali hayo ndiyo nguvu ya vitabu vyake, na ndiyo pia asili ya upungufu wake.

Ukoo, shule na kazi za umma

Doroshenko alizaliwa Aprili 1882 mjini Vilnius, katika ukoo wa kale wa Makosaki, ambao asili yake ni eneo la Hlukhiv, kaskazini mwa Ukraine. Makosaki walikuwa watu huru wa nyika waliojipanga kijeshi, na katika karne ya 17 waliunda utawala wao chini ya hetmani, cheo kilichounganisha ujemadari wa jeshi na uongozi wa nchi. Ukoo wa Doroshenko ulitoa mahetmani wawili, Mykhailo na Petro. Petro, aliyetawala kuanzia 1665 hadi 1676, alijaribu kuziunganisha kingo mbili za mto Dnipro kwa kutafuta msaada wa Sultani wa Uturuki dhidi ya Poland na Moscow. Aliposhindwa alijisalimisha kwa Moscow, na baadaye tsari akampeleka Vyatka, mbali kaskazini-mashariki, kuwa gavana wa jimbo hilo. Hivyo karibu karne mbili na nusu kabla ya 1917 ukoo huo ulikwisha kumtoa mtu aliyepokea ugavana kutoka kwa serikali isiyokuwa ya watu wake, na mwanahistoria wa ukoo huo, alipokuwa mzee, aliandika kitabu kizima juu ya hetmani Petro.

Masomo yake ya chuo kikuu yalipitia Warsaw, St. Petersburg na Kyiv, ambako alihitimu mwaka 1909. Mazingira ya kisiasa ya miaka hiyo yanahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua ni kazi gani mtu wa aina yake angeweza kuifanya. Tangu 1876 amri ya tsari iliyotolewa katika mji wa Ems nchini Ujerumani ilikuwa imepiga marufuku uchapishaji wa karibu kila kitu kwa Kiukraine, na marufuku hayo yalilegea tu baada ya mapinduzi ya 1905. Nafasi hiyo ilipopatikana, wasomi vijana waliingia katika magazeti na katika vyama vilivyoitwa Prosvita, yaani vyama vya kuelimisha umma kwa maktaba, mihadhara na vitabu vya bei nafuu, ambavyo mfano wake ulianzia Lviv mwaka 1868 upande wa Austria. Doroshenko alifundisha katika shule ya biashara ya Katerynoslav, mji unaoitwa leo Dnipro, na humo akawa miongoni mwa viongozi wa Prosvita.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimtoa darasani. Muungano wa Miji wa Urusi, chombo kilichoundwa mwaka 1914 na mabaraza ya miji ili kuwahudumia majeruhi na wakimbizi pale ambapo serikali ilizidiwa, ulimweka kuwa mwakilishi wake katika medani ya kusini-magharibi. Kazi yenyewe ilikuwa ya magunia ya nafaka, vituo vya chakula, dawa na orodha za watu waliohamishwa kwa nguvu, na ilimfikisha Galicia na Bukovina. Cheo cha 1917 kilitokana na kazi hii zaidi kuliko shahada ya historia. Waukraine wa milki ya Urusi walikuwa na walimu, wanaushirika, mapadri na watakwimu wa kutosha, lakini walikuwa na watu wachache mno waliowahi kuendesha shughuli za umma katika eneo la vita na ambao wakati huohuo waliaminika Kyiv na Petrograd.

Utawala nyuma ya mstari wa vita

Galicia ya mashariki, ambayo leo ni sehemu ya magharibi mwa Ukraine, ilikuwa imeonja utawala wa Kirusi mara mbili. Mara ya kwanza, kuanzia 1914 hadi katikati ya 1915, gavana mkuu Georgiy Bobrinsky aliitawala nchi hiyo kwa imani kwamba wakazi wake ni Warusi waliopotea ambao sharti warudishwe nyumbani: shule na magazeti ya Kiukraine yalifungwa, mamia ya watu walipelekwa ndani ya Urusi, na Andrey Sheptytsky, askofu mkuu wa Kanisa Katoliki la mapokeo ya Kigiriki, yaani kanisa linalofuata ibada ya Mashariki huku likimtii Papa, alikamatwa na kuhamishwa hadi mapinduzi ya 1917 yalipomfungulia. Mara ya pili ilifuata mashambulizi ya jenerali Brusilov mwaka 1916, na safari hii gavana mkuu alikuwa Fyodor Trepov. Lviv haikurudi mikononi mwa Warusi. Walichokishika ni ukanda wa mashariki uliozunguka Ternopil, pamoja na Bukovina na mji wake mkuu, Chernivtsi.

Tsari alipoondolewa, Serikali ya Muda iliwafukuza magavana wote wa zamani na kuweka makamishna mahali pao. Ndani ya Urusi ukamishna huo kwa kawaida ulimwangukia mwenyekiti wa zemstvo, yaani halmashauri ya kuchaguliwa iliyosimamia shule, hospitali na barabara tangu 1864. Katika ardhi iliyotekwa kutoka Austria hapakuwa na zemstvo, hivyo ilibidi kamishna ateuliwe moja kwa moja, na Doroshenko akateuliwa kwa ridhaa ya Rada Kuu. Chini yake aliwekwa Oleksandr Lototsky, mwanaharakati mwenzake, kuwa kamishna wa Bukovina na wa Pokuttia, yaani eneo la kusini-mashariki mwa Galicia.

Kazi iliyomkabili ilikuwa na pande mbili zisizopatana. Upande mmoja ulikuwa wa kurekebisha dhuluma: kufungua tena shule za wenyeji, kuwaweka katika ofisi za wilaya watu waliofahamu lugha na desturi za mahali, kuwatetea waliohamishwa ili warejee, na kufanya hayo bila kuwatisha Wapoland, Wayahudi, Waromania na Wajerumani, waliokuwa sehemu kubwa ya wakazi, hasa mijini. Upande wa pili ulikuwa wa kuliwezesha jeshi kuishi, kwa kuwa eneo lote lilikuwa nyuma tu ya mstari wa mapigano, ambako farasi, nyasi, mikokoteni na nguvu za wakulima zilichukuliwa kila siku kwa amri za kijeshi. Kamishna alikuwa na muhuri na barua ya uteuzi, lakini hakuwa na askari wake mwenyewe. Alipotaka kumzuia mkuu wa kikosi asitwae ng'ombe wa kijiji, ilimbidi amwandikie jenerali, naye jenerali, tangu mapinduzi, ilimbidi ajadiliane na kamati za askari zilizokuwa zikichaguliwa katika kila kikosi. Amri ilipofika chini, mara nyingi ng'ombe alikwisha kuliwa.

Mkanganyiko huo ulifikia mwisho wake Julai. Mashambulizi yaliyoamriwa na Alexander Kerensky, waziri wa vita wa Serikali ya Muda, yalisonga mbele kwa siku chache, kisha yakageuka kuwa kurudi nyuma kwa fujo, na katika kurudi huko askari walipora miji ya Galicia, Kalush na Ternopil ikiwamo, na kuwashambulia wakazi, hasa Wayahudi. Mapema Agosti Chernivtsi iliangukia tena mikononi mwa Austria. Jimbo la Doroshenko likatoweka katika ramani, na kamishna akarudi Kyiv akiwa na cheo kisicho na ardhi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwanahistoria huyu alikuwa amelala juu ya kitanda cha utawala kwa muda wa kutosha kuwajua kunguni wake wote: mamlaka yanayotegemea bunduki za mwingine hudumu kadiri mwenye bunduki anavyodumu.

Chernihiv na mipaka ya makaratasi

Agosti hiyohiyo Rada Kuu ilimpa jukumu la kuunda Sekretarieti Kuu, chombo kilichokuwa kama baraza la mawaziri la Ukraine iliyojitawala ndani ya Urusi, baada ya mkuu wake, Volodymyr Vynnychenko, kujiuzulu. Doroshenko alianza kazi hiyo kisha akaiacha, kwa kuwa hakukubaliana na Hrushevsky na viongozi wenzake juu ya mamlaka ambayo serikali hiyo ingekuwa nayo mbele ya baraza, na Vynnychenko akarejea. Tukio hili fupi lina uzito wake, kwani linaonyesha mgongano ambao baadaye ulijaa katika vitabu: wengi katika Rada waliona baraza kuwa sauti ya umma inayopaswa kuidhibiti serikali katika kila hatua, ilhali mtu aliyetoka Galicia aliona kwamba serikali inayosimamishwa kila saa ili ijieleze haiwezi kutawala.

Badala ya uongozi wa juu alikwenda Chernihiv, jimbo lililopakana na Urusi upande wa kaskazini, kuwa kamishna wa jimbo. Tatizo la kwanza la cheo hiki lilikuwa la mpaka. Maelekezo yaliyotolewa na Serikali ya Muda tarehe 4 Agosti kwa kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13 na ikitumika Urusi wakati huo, yaliitambua Sekretarieti Kuu katika majimbo matano tu: Kyiv, Volyn, Podillia, Poltava na Chernihiv, na katika Chernihiv yaliondoa wilaya nne za kaskazini, yaani Mglin, Surazh, Starodub na Novozybkov. Maana yake kiutawala ni kwamba jimbo moja, lenye ofisi moja ya kamishna na zemstvo moja, lilikuwa chini ya wakubwa wawili: sehemu moja ikielekea Kyiv na nyingine Petrograd.

Tatizo la pili lilikuwa la wakati. Novemba Wabolsheviki waliichukua Petrograd, na tarehe 20 ya mwezi huo, kwa kalenda mpya, Rada ilitangaza Jamhuri ya Watu wa Ukraine. Kwenye karatasi jimbo lilikuwa limepata mwenyewe mmoja, lakini uwanjani lilikuwa limejaa askari waliokuwa wakiacha vita na kurudi makwao na silaha zao, na wakulima waliokwisha kuanza kugawana mashamba ya makabaila bila kungoja sheria. Mwezi Januari 1918 vikosi vya Wabolsheviki vilipita katika jimbo hilo kuelekea Kyiv, na mapigano ya Kruty ya tarehe 29 Januari, ambamo vijana wanafunzi walijaribu kuizuia njia ya reli, yalitokea ndani ya mipaka yake. Hivyo kwa mara ya pili katika muda wa miezi sita, gavana huyu alilipoteza jimbo kwa jeshi ambalo hakuwa na uwezo wa kulizuia.

Kutoka jimbo hadi wizara

Yaliyofuata yanaeleweka vizuri zaidi yakisomwa kama hitimisho la mtu aliyeshindwa mara mbili kwa sababu ileile. Tarehe 29 Aprili 1918, jeshi la Ujerumani likiwa limekwisha kuingia Ukraine kwa makubaliano ya Brest-Litovsk, mkataba wa amani ambao Rada iliufunga mwezi Februari na Ujerumani, Austria-Hungaria na washirika wao, jenerali Pavlo Skoropadsky aliiondoa Rada na kutangazwa hetmani, akiungwa mkono na wenye mashamba makubwa na kwa idhini ya Wajerumani. Vyama vya Kiukraine vilikataa kuingia katika serikali yake, kikiwamo chama cha Wasoshalisti wa Shirikisho, ambacho Doroshenko alikuwa mwanachama wake. Yeye alikihama chama na kushika wizara ya mambo ya nje.

Wapinzani wake waliliita jambo hilo usaliti, na hawakukosa sababu. Utawala wa hetmani uliwarudishia makabaila ardhi, ukawachangisha wakulima nafaka kwa ajili ya Berlin na Vienna, na katika kiangazi cha 1918 ukakabiliwa na maasi makubwa ya wakulima kusini mwa Kyiv, huko Zvenyhorodka na Tarashcha, yaliyozimwa kwa nguvu za kigeni. Lakini utawala huohuo ulikuwa na kitu ambacho Doroshenko alikikosa Chernivtsi na Chernihiv, yaani watendaji. Chini yake ofisi zilifunguliwa asubuhi, mabalozi walitumwa, vyuo vikuu vya Kiukraine vikaanzishwa Kyiv na Kamianets-Podilskyi, na mwezi Novemba ikazaliwa Akademia ya Sayansi chini ya mwanasayansi Vladimir Vernadsky. Wizara yake iliendesha mazungumzo ya amani na Urusi ya Kisovieti mjini Kyiv, yaliyozaa usitishaji wa mapigano mwezi Juni, na ikapata ridhaa ya Ujerumani kwa mkataba wa Brest-Litovsk. Kwa Austria-Hungaria mambo yalikwenda vibaya: itifaki ya siri ya Februari ilikuwa imeahidi kuzifanya Galicia ya mashariki na Bukovina kuwa jimbo moja la pekee chini ya taji la Vienna, lakini Vienna iliikana ahadi hiyo na kutouridhia mkataba. Ardhi ambayo mwaka uliotangulia waziri huyu aliitawala kwa barua ya Petrograd ilimponyoka tena, safari hii mezani.

Wizara yake ilimalizika katikati ya Novemba 1918, pale hetmani, baada ya Ujerumani kushindwa vitani, alipobadili baraza la mawaziri na kutangaza kwamba Ukraine itajiunga na shirikisho la Urusi isiyo ya Kibolsheviki. Mwezi mmoja baadaye hetmani naye aliondolewa madarakani. Doroshenko alifundisha kwa muda katika chuo kikuu cha Kamianets-Podilskyi, kilichoanzishwa na serikali aliyoitumikia, kisha akaondoka nchini mwake moja kwa moja.

Kalamu uhamishoni

Miaka zaidi ya 30 iliyosalia aliitumia katika vyuo vya ugenini: Chuo Kikuu Huria cha Ukraine, kilichoanza Vienna na kuhamia Prague, Chuo Kikuu cha Charles, Taasisi ya Sayansi ya Ukraine mjini Berlin, ambayo alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza kuanzia 1926 hadi 1931, kitivo cha teolojia ya Kiorthodoksi mjini Warsaw kuanzia 1936, na baada ya vita vya pili Winnipeg nchini Canada. Mwaka 1945 alikuwa rais wa kwanza wa Akademia Huria ya Sayansi ya Ukraine, iliyoundwa na wakimbizi nchini Ujerumani, na alifariki Munich Machi 1951.

Katika miaka hiyo alijiunga na mkondo unaoitwa shule ya dola, ambao mwananadharia wake mkuu alikuwa Vyacheslav Lypynsky, aliyekuwa balozi wa hetmani mjini Vienna. Mkondo uliotangulia, unaoitwa shule ya umma na kuhusishwa na Volodymyr Antonovych na mwanafunzi wake Hrushevsky, uliwaona wakulima na Makosaki wa kawaida kuwa ndio wenye historia, na dola kuwa mara nyingi mzigo uliowekwa juu yao. Shule ya dola iligeuza mtazamo huo: taifa lisilo na tabaka la viongozi na vyombo vya utawala hubaki malighafi ya mataifa mengine. Katika kitabu chake cha juzuu mbili cha muhtasari wa historia ya Ukraine, kilichotoka Warsaw mwaka 1932 na 1933, Doroshenko aliipanga historia yote kwa kufuata juhudi za kujenga mamlaka, kuanzia wakuu wa Kyiv ya kale hadi mahetmani na baada yao.

Mfano ulio wazi zaidi wa namna gavana anavyoonekana ndani ya mwanahistoria ni kitabu chake juu ya mapinduzi yenyewe, kilichochapwa Uzhhorod. Jina lake linaahidi historia ya Ukraine ya miaka 1917 hadi 1923, lakini juzuu zilizotoka ni mbili na zinaishia 1918. Zaidi ya hayo, juzuu ya pili, inayohusu dola ya hetmani, ilitoka mwaka 1930, miaka miwili kabla ya ya kwanza, inayohusu Rada Kuu. Mwandishi alitanguliza serikali aliyokuwa waziri wake, akaja baadaye kwa baraza aliloligombeza. Ndani ya juzuu hizo msomaji hukutana na mikataba, uteuzi wa maofisa, bajeti, sheria na barua za kibalozi kwa wingi usiopatikana kwa waandishi wenzake. Mkulima wa Zvenyhorodka yumo pia, ila mara nyingi huonekana kwa jicho la ofisi iliyokuwa ikipokea taarifa za maasi yake.

Jinsi ya kumsoma

Ni rahisi kumtupa mwandishi wa namna hii kwa kusema kwamba alikuwa akijitetea. Hukumu hiyo ingekuwa ya haki kama wenzake wangekuwa watazamaji tu, lakini hawakuwa hivyo. Vynnychenko, aliyetoa juzuu tatu juu ya mapinduzi mwaka 1920, alikuwa mkuu wa Sekretarieti Kuu. Pavlo Khrystiuk, aliyetoa juzuu nne za maelezo na nyaraka Vienna mwaka 1921 na 1922, alikuwa mjumbe wa sekretarieti hiyo. Historia za mwanzo za mapinduzi ya Ukraine ziliandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na mihuri mfukoni, na waliokuwa uhamishoni waliandika mbali na kumbukumbu za serikali zilizobaki Kyiv chini ya Wasovieti. Kwa hiyo kanuni inayofaa ni kuwasoma kwa pamoja na kumwuliza kila mmoja swali la cheo chake: Vynnychenko aulizwe juu ya matumaini ya vyama, Khrystiuk juu ya mijadala ya baraza na hali ya vijiji, na Doroshenko juu ya yale yaliyotokea baada ya azimio kupitishwa, pale lilipopaswa kumfikia ofisa wa wilaya asiyekuwa na mshahara wala polisi.

Hrushevsky alirudi Ukraine ya Kisovieti mwaka 1924 akiamini kwamba sayansi ingeweza kuhudumia umma chini ya dola yoyote, akanyanyaswa na utawala huo hadi kufa kwake mwaka 1934. Doroshenko hakurudi, na vitabu vyake vilipigwa marufuku katika nchi aliyoiandikia, mpaka vikachapishwa upya humo baada ya uhuru wa 1991. Tofauti ya njia zao ina mizizi katika uzoefu wa 1917: mmoja aliuona mwaka huo kutoka katika kiti cha baraza, ambako maneno yalikuwa na nguvu, na mwingine aliuona kutoka ofisi ya jimbo, ambako maneno yalihitaji mtu wa kuyatekeleza. Historia ya umma na historia ya dola zilizotokana na viti hivyo viwili zimeendelea kubishana ndani ya usomi wa Ukraine, na kila moja imebaki na sehemu ya ushahidi ambayo nyenzake haina. Mchango wa gavana wa Chernivtsi na Chernihiv ni kuingiza utawala wa kila siku katika maswali ya historia. Deni lake ni kwamba mara nyingi aliwasahau waliotawaliwa, na deni hilo wanahistoria waliomfuata ndio wanaopaswa kulilipa.